Nguzo za Uchochoroni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba kuukuu ya mawe na chokaa, na watoto watatu. Alipokufa aliwaachia nyumba hiyo, pamoja na mama yao ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefanya tumbo, na marehemu alikuwa ameuegemezea nguzo saba za mikoko, kila moja imekazwa kwa kabari chini.

Wana wa kiume, Mwinjuma na Shekue, walikwenda mbali kutafuta maisha. Akabaki binti, Mwanakheri. Kila masika, ardhi ilipolowa na kabari zikalegea, alitwaa nyundo akazikaza moja moja. Nguzo iliyoliwa na mchwa aliibadilisha. Kisha aliingia ndani kumgeuza mama kitandani. Mwaka wa kumi na tisa alizikaza akiwa ameketi chini, maana kiuno hakikumruhusu tena kuinama. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Mwaka huo Mwinjuma alirudi, apate kumwoza binti yake katika nyumba ya babu. Akaupaka ukuta chokaa mpya, na watu wakasifu kazi ya wazee. Ila nguzo zilimkera. Zilikuwa nyeusi, zimejaa uchochoroni kama magongo ya wagonjwa, na wakwe walikuwa njiani. Akaamuru ziondolewe, akisema ukuta ule umesimama tangu enzi.

Mwanakheri aliweka kiganja juu ya ukuta.

"Kaka," akasema, "ukuta huu hausimami. Unashikwa."

Mwinjuma akacheka, akaita vibarua. Mwanakheri hakubisha tena. Hata nguvu za kubisha hakuwa nazo. Kiuno kikimuuma, alimbeba mama mgongoni mpaka kwa jirani, akamtandikia mkeka, naye akajinyoosha kando yake. Usingizi ukamchukua mchana kweupe.

Alasiri ukuta ulianguka. Mawe yalifukia chumba cha mama, kitanda na vyote. Watu walipiga mayowe mtaa mzima, wala Mwanakheri hakuzinduka.

Mwinjuma alilia mbele ya kifusi. Lakini kuta zilizobaki nazo zilikuwa zimeanza kuinama, na vibarua walikuwa wamekimbia, basi akaziegemeza zile nguzo kwenye kuta hizo, akaitwaa nyundo mwenyewe. Kufika kabari ya tatu kiganja kilikuwa kimechubuka. Hapo ndipo alipouliza kazi hii hufanywa mara ngapi, na ilianza lini, na nani humsaidia anayeifanya. Akaenda kwa jirani kumwita dada yake, na jirani akasimama mlangoni, asimpishe, maana Mwanakheri alikuwa bado usingizini.

Nanyi mnaojivunia kwamba nyumba zenu hazijaanguka: ni nani aliyechoka nyuma ya ukuta?