Nyumba ya Injinia Kando ya Mtambo

Ajuaye mtambo huachiwa mtambo. Unasema, Tusekile, kwamba wenzako walikuambia neno hilo leo ulipotoka kwa bosi wako, wakacheka, na wewe hukuelewa. Basi kaeni, wewe na nduguzo, niwaambie lilikotoka. Mimi bibi yenu nilikuwa mpiga chapa katika Mamlaka ya Maji ya Ilundo, na aliyelisema mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Palikuwa na injinia akiitwa Ambakisye. Mtambo wa kusukuma maji wa mji ule ulikuwa kuukuu, una vituko vyake, na yeye peke yake ndiye aliyeujulia. Kila mradi ulipozinduliwa desturi ilikuwa ile ile: mgeni rasmi anafungua bomba, watu wanapiga vigelegele, picha zinapigwa. Ambakisye yuko bondeni mtamboni, anahakikisha maji yanapanda. Akirudi, pilau imekwisha. Katika picha zote zilizotundikwa ofisini hapakuwa na hata sikio lake.

Hakujali, kwa sababu Meneja Chilongani alikuwa amemwahidi ukuu wa idara ya ufundi. "Vumilia, Injinia, zamu yako inakuja." Akavumilia mpaka akaota mvi. Nafasi ilipopatikana akapewa Mwombeki, kijana aliyefundishwa kazi na Ambakisye mwenyewe. Mwombeki hakuupenda mtambo. Alipenda kumshikia mgeni rasmi mwavuli, na kwa hilo hakuwa na mpinzani.

Meza yangu ilikuwa mlangoni kwa meneja, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee, nimekosa nini?" Ambakisye aliuliza.

"Hujakosa kitu! Wewe ndiye bora kuliko wote hapa."

"Sasa mbona nimerukwa?"

"Nikikupandisha wewe, mtambo nitamwachia nani?"

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa pole msibani. Ambakisye akatoka bila kuaga. Nilimwonea uchungu, na hasira yangu juu ya meneja yule haijaisha hadi leo.

Uzinduzi uliofuata ulikuwa mtaa wa mlimani, ambako maji ya bomba hayajawahi kufika. Ambakisye alikuja na suti yake ya harusi, akasimama nami mstari wa mbele. "Leo na mimi ni mgeni," akaniambia. "Mkuu wa idara yupo. Mtambo ni wake." Mwombeki ikambidi ashuke bondeni.

Mgeni rasmi akafungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Kina mama waliopanga ndoo tangu asubuhi wakaanza kuguna. Meneja akaja mbio, jasho linamtoka. "Injinia, nakuomba."

Ambakisye akaendelea kutazama mbele. Moyoni nikasema, simama hapo hapo, baba, usitikisike. Ndipo ajuza mmoja akaokota ndoo yake tupu, akaanza kushuka kurudi mtoni. Ambakisye alipomwona akavua koti, akanipa, akakimbilia bondeni.

Maji yakaja, na vigelegele vikapigwa. Mwombeki alishapanda mlima zamani, yumo kwenye picha.

Wala msidhani hawakumshukuru! Walimjengea nyumba nzuri ya matofali, kando kabisa ya mtambo, asipate taabu ya kwenda kazini. Siku ya kukabidhiwa ufunguo wakamtaka aseme neno mbele ya wafanyakazi wote. Akautazama ule ufunguo, akasema neno lile moja, akaketi. Wakapiga makofi, wakidhani anatoa shukrani. Aliishi humo hadi akastaafu, na cheo chake kilikuwa kile kile.

Sasa wewe, Tusekile, ulipomwuliza bosi wako habari ya cheo, alikujibu nini?

"Alisema ofisi haiwezi kwenda bila mimi, Bibi. Tena nilifurahi."

Pole, mjukuu wangu. Ajuaye mtambo huachiwa mtambo.