Boriti za Mheshimiwa Kiboko

Kacha!

Mlio mmoja tu, usiku wa mvua, kutoka mtoni. Kisha maji yakaendelea na safari yake kana kwamba hayakusikia kitu.

Sikilizeni, wanangu. Ni enzi za kale hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na mashamba, na kata yao ilikuwa na diwani, Mheshimiwa Kiboko. Mlio ule ulikuwa wa daraja. Lilikatika katikati, na binti wa Mama Digidigi alikuwa juu yake, mbio, akienda ng'ambo kumwitia jirani mkunga. Asubuhi mto ulimtua penye matete.

Kata ile ilikuwa na mwiko: aliyekufa maji hatajwi jina mpaka kijulikane kilichomuua. Ukimtaja kabla, mto husikia, ukarudi kuchukua mwingine. Kwa hiyo Mama Digidigi alimzika mwanawe kimya. Alipomlilia alisema "mwanangu" tu, na neno lile ni la kila mama, halikuwa lake peke yake.

Mheshimiwa Kiboko alifika msibani na magunia ya mchele. Akalia kuwashinda wafiwa.

"Mchwa, ndugu zangu," akasema akijifuta macho. "Mchwa wamelila daraja letu. Ni mipango ya Mungu, tusitafutane uchawi."

"Ndiyo, mchwa," wakaitikia wote, macho chini.

Walijua. Daraja lile walilijenga kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa gogo la mninga, na mninga mchwa hawauwezi. Lakini magogo yalikabidhiwa kwa Kiboko, na Kiboko ndiye aliyesimamia ujenzi. Nani angesema? Kinywa cha Kiboko kikifunguka, humeza mtumbwi.

Arobaini ilipokaribia, Pimbi akaja barazani kwa Mama Digidigi. Pimbi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mdogo, hazidi nazi mbili kwa ukubwa.

"Dada, unakula?"

"Chakula kinapita tu, Pimbi. Sikioni kikiingia."

"Nimeshuka mtoni. Nimeyaona mabaki ya daraja. Si mninga yale. Ni mipapai, imepakwa udongo."

Mama Digidigi akafumba macho.

"Basi kayaseme mbele ya watu," akasema.

"Niyaseme mimi? Atanikanyaga asubuhi, jioni aje kunizika na mchele. Hapana, dada. Tumwache aseme mwenyewe. Tanga unaanua lini?"

"Ijumaa."

"Usilianulie hapa. Niachie mimi."

Siku zile uchaguzi ulikuwa karibu, na Ngiri alikuwa akiupigia hesabu udiwani. Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Kiboko, kwenye nyumba mpya ya ukingoni.

"Hodi kwa Mheshimiwa."

"Karibu, kijana. Sema haraka, nina kikao."

"Watu wana hofu, Mheshimiwa. Wanasema mchwa waliokula daraja watahamia kwenye mapaa. Tunaanua tanga Ijumaa, na kile kibanda cha Mama Digidigi, mh. Paa likiwaangukia wapiga kura wako…"

Kiboko akakohoa. "Watakuja wengi?"

"Kata nzima. Ila usisumbuke, Bwana Ngiri ametoa nyumba yake."

"Ngiri? Lile shimo lake?" Kiboko akacheka, pfuuu, matope yakamrukia Pimbi usoni. "Nyumba ya kukaribisha watu ni hii. Tazama juu. Mninga mtupu. Mchwa akijaribu atavunjika meno."

"Mninga, Mheshimiwa?"

"Mtupu. Waambie waje, nachinja."

"Nitawaambia hivyohivyo," akasema Pimbi, akainama kwa adabu zote.

Ijumaa wakaja. Mama Digidigi alikaa katikati ya ukumbi na kaniki yake kichwani. Kuta zilikuwa nyeupe kwa chokaa, zinaumiza macho. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, masinia yakaondolewa.

Sasa, wanangu, Kiboko alikuwa amehudhuria misiba mingi kuliko mnyama yeyote pale. Hufika na mchele, akashika mikono, akasema maneno, akaondoka. Hata mara moja hakuwahi kulala chini na wafiwa. Hakujua kwamba watu wa tanga, wakishashiba, hujinyoosha mikekani, chali, wakatulia. Kuta alikuwa amezipaka chokaa. Paa hakuligusa. Nani angetazama juu?

Wakajinyoosha. Pepeo za ukindu zikapepea, fya, fya.

"Jamani," Punda Milia akanong'ona. "Boriti ile ya mlangoni ina ukwato wangu."

Maana siku ya msaragambo kila nyumba hutia alama kwenye gogo lake, isije ikasemwa haikutoa.

"Ya pembeni yake ina matundu ya miiba yangu," akasema Nungunungu.

"Na meno yale ni ya babu yangu. Hakuna mwingine mwenye pengo lile," akasema Panya Buku.

Hakuna aliyeinuka. Sauti zilipita chinichini, mkeka kwa mkeka. Mama Digidigi naye akalala chali, akatazama. Kwenye boriti ya katikati palikuwa na kwato mbili ndogo, zimeegemea upande. Alikumbuka siku ile ya msaragambo alivyombeba mwanawe juujuu ili alifikie gogo, na mtoto akicheka akisema, "Bado, mama, bado, nikandamize."

Kiboko akaingia na birika la kahawa. "Mbona kimya? Au pilau imewazidi?"

"Tunalisifu paa, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Ulisema ni mti gani?"

"Mninga. Mara ngapi nise—"

Macho yake yakafuata macho yao, yakapanda. Kahawa ikamwagika mkekani.

"Mchwa," akasema. "Ni mchwa walio…"

"Mchwa wa mninga huvunjika meno," Pimbi akamjibu taratibu. "Umetufundisha mwenyewe."

Askari Mbwa Mwitu hawakuhitaji kuitwa. Nao walikuwa wamelala mlangoni, wafiwa kama wengine.

Jumatatu, mbele ya Hakimu Korongo, yakasomwa mashitaka mawili: kuiba mali ya umma, na kusababisha kifo. Kiboko akavua joho la udiwani, akalikunja.

"Najiuzulu," akasema. "Nataka kupumzika na familia yangu."

"Kupumzika utapumzika," ikasema sauti ya Nungunungu kutoka nyuma. "Hiyo familia kama itafika jela, ndiyo hatujui."

Nalo la kushika ni hili, wanangu: mkubwa asiyekaa chini na watu wake hajui wanaona nini wakitazama juu.

Hakimu akageuza shingo yake ndefu. "Shitaka la pili lina upungufu. Hapa pameandikwa 'binti wa Mama Digidigi'. Sheria inataka jina la marehemu."

Dirishani mto ulisikika ukipita. Mama Digidigi akasimama, akageukia dirisha.

"Sema, dada," Pimbi akamwambia. "Kilichomuua kimejulikana."

Akainua uso.

"Tunu," akasema. "Mwanangu anaitwa Tunu."