Chungu Kisichoshukuriwa

Mama mmoja alikuwa na chungu cha dawa alichorithi kwa mama yake, na mama yake alikirithi kwa bibi. Mama huyo jina lake Nakijwa. Ndani ya chungu kile ilichemka miti saba, mizizi na majani, na watu wa milima ile walisema choa cha ngozi na mapunye ya kichwani yakikiona tu hukimbia. Walisema. Tena chungu kilikuwa na mwiko wake: anayepewa dawa hasemi asante. Ukishukuru, umeiua. Basi mgonjwa alipakwa, akainamisha kichwa, akaondoka kimya.

Sasa tazameni mwiko ulivyofanya kazi yake, ndugu zangu. Aliyepona hakurudi, kwa kuwa kurudi ni kushukuru. Asiyepona naye hakurudi, kwa kuwa aliona aibu, akadhani kosa ni lake; labda alishukuru moyoni bila kujua. Chungu kikakaa jikoni miaka na miaka, hakina wa kukisifu wala wa kukilaumu, na heshima yake ikazidi kunenepa.

Kisha mapunye yakamshika Tumsifu, binti yake Nakijwa mwenyewe. Huyu hakuwa mgonjwa wa kupakwa akaenda zake. Alilala nyumba ile ile, na kila asubuhi mama alikiona kichwa chake. Alimpaka, akampaka tena. Mabaka yakatanuka, nywele zikabaki kwenye mto wa kulalia, shule ikamrudisha nyumbani mpaka apone, na wenzake wakamtungia wimbo. Mtoto akawa wa kukaa nyuma ya nyumba na kitambaa kichwani, hataki kuitwa. Nakijwa aliumia kwa ajili ya mtoto, na aliumia zaidi kwa swali lililomjia: kama hakimponyi wangu, kiliwaponya wa nani?

Akakichukua chungu, akakimwaga.

Kaka yake, Mbazi, alikuja mbio aliposikia. Akamwambia kwamba anamvua mama yao nguo kaburini, kwamba miti ile ni ndugu wa damu na haitenganishwi, na kwamba ukoo mzima utachekwa. Nakijwa alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa kaka mkubwa, kisha akarudi jikoni. Akachemsha kila mti peke yake. Akamega kiporo cha ugali, akaweka kila tonge kwenye kisahani chake, akalinyunyizia maji ya mti mmoja, akafunika. Kila apikaye anajua kuvu ya ugali haina adabu, nayo hutanuka kwa mabaka kama mapunye. Haimwogopi mganga wala haiulizi ukoo wa mtu.

Alipofunua baada ya siku kadhaa, lo! Tonge la mzizi mkuu, ule usiochimbwa mpaka uchinjiwe mbuzi, lilikuwa limeota ndevu. Na mengine vivyo hivyo, haya ya kijani, haya ya kijivu. Tonge moja tu lilibaki jeupe kama lilivyosongwa: la jani la kichaka kinachojiotea nyuma ya choo, ambalo mama yake alikuwa akilitia konzi ndogo tu mwishoni, kuipa dawa rangi.

Mbazi akasema ugali si kichwa cha mtu. Katika hilo alisema kweli, nami namheshimu. Nakijwa hakubishana. Akausugua mkono wake kwenye kichwa cha binti yake, ngozi kwa ngozi, mpaka naye akaota choa, mabaka mawili. Moja akalipaka maji ya lile jani, la pili maji matupu. Akatembea na mkono wazi sokoni na kanisani, kila mwenye macho auone. Baka moja likanywea, likapauka, likaisha. La pili likazidi kutanuka. Hata Mbazi aliushika mkono ule, akaugeuza juani, akalitafuta baka la kwanza asilione.

Ndipo akampaka Tumsifu, na nywele zikarudi. Siku mtoto alipokivua kitambaa mwenyewe akashika njia ya shule kichwa wazi, Nakijwa alilia mbele za watu kwa furaha, wala hakujifuta. Ua ukajaa wazazi na watoto wao. Akasimama mlangoni na chungu kipya, chenye jani moja, akawaambia:

"Atakayepona, aje aniambie. Na asiyepona, aje kwanza."

Wakaja. Waliopona walishukuru kwa sauti, tena kwa vigelegele, na dawa haikufa. Wachache waliorudi na mabaka yao hawakufukuzwa. Aliwaketisha karibu naye, akawatazama upya, akaanza tena kutafuta. Na Mbazi, yule yule, ndiye aliyeking'oa kichaka nyuma ya choo akakipanda mbele ya nyumba. Alimwambia kila apitaye kwamba mama yao hakuwa mwongo. Dawa ilikuwemo chunguni siku zote, ila ilizamishwa na miti yenye majina makubwa.

Nanyi mliorithi vyungu, na hakuna hapa asiyerithi: chako kina nini ndani, na ni nani uliyempa ruhusa ya kurudi akuambie hakikumponya?