Shamba la Bondeni na Tumbo la Mzee Mapunda

Sogeeni karibu. Mwenye tonge mdomoni alimeze kwanza, maana habari ninayoileta ni ya tumbo, na sitaki kulaumiwa mtu akipaliwa. Nikiuliza "mpo?", itikeni "tupo na masikio tunayo." Mpo? Haya, twende.

Katika kijiji kimoja cha Songea, ukiacha barabara kubwa ukavuka madaraja matatu, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Otilia Mapunda alijaliwa jicho. Akiingia nyumbani kwako, kabla hujamkaribisha kiti ameshajua nani kamnunia nani, kuku gani anataga kwa jirani, na chumvi imekwisha tangu lini. Hasemi. Anaona tu, anaweka.

Kaka yake Benito alijaliwa mkono. Ni seremala. Anautazama mlango mara moja bila kupima, anakwenda kukata mbao, na mlango unaingia kwenye fremu kama umezaliwa pale. Kuongea ndiko hakujaliwa. Siku ya harusi yake aliambiwa atoe neno la shukrani. Akasimama, akaitazama meza ya maharusi, akasema, "Mguu huu umelegea," akakaa.

Wa tatu ni Mzee Kalinga, na huyu alijaliwa ulimi. Ni Mhehe aliyekuja zamani kutafuta kazi akasahau kurudi kwao. Na kwa kuwa Wahehe na Wangoni walipigana vita zamani na sasa ni watani, ulimi wake pale kijijini ulikuwa na leseni. Mtani anaweza kusimama kwenye msiba wa mama yako akasema marehemu alikuwa mchoyo wa mboga, na wewe unatakiwa ucheke na umpe kuku.

Sasa tumbo. Tumbo lilikuwa la Mzee Xaveri Mapunda, baba yao Otilia na Benito, mwenye miaka sabini na minane. Lilikuwa limefunga. Wiki nzima inapita, wakati mwingine siku kumi, vinaingia havitoki, kama mafaili kwenye ofisi ya Ijumaa mchana. Likijaa gesi, analala ubavu anakunja magoti na kuutazama ukuta. Zahanati walimpa dawa ya maji, wakasema anywe maji mengi, ale papai na mboga. Wakamuuliza, "Choo unapata?" Akajibu, "Vizuri tu." Mngoni mtu mzima, mbele ya nesi wa miaka ishirini na mbili, ulitaka ajibu nini?

Otilia ndiye aliyekaa naye. Mumewe alifariki, shemeji zake wakamwonyesha njia, akarudi kwa baba yake na sanduku moja. Miaka sita sasa. Asubuhi anapika uji, anapeleka dawa na jagi la maji, anafua, anashuka bondeni kulima, anarudi anapika mlenda. Mwaka wa kwanza alimhurumia baba yake mpaka akakosa usingizi. Mwaka wa tatu alimkasirikia. Mwaka wa tano aliamka asubuhi akakuta vyote viwili havipo. Hakuwa na huzuni. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu unakufa ganzi, akiugusa anagusa kitu cha mtu mwingine. Yeye alikuwa ameukalia moyo.

Siku moja jumuiya ya kanisani walikuja kusali nyumbani. Baada ya sala Mzee Mapunda akajiinua kwenye mkeka, huku ameshika tumbo, akasema mbele ya watu wote, "Nasema nikiwa na akili zangu. Atakayeniondolea tatizo hili, shamba la bondeni ni lake." Na Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Nchimbi, alikuwepo, akasikia.

Shamba hilo mlijue. Ni kipande chembamba, lakini kina mfereji, na Septemba vilima vyote vikiwa vimekauka, pale mboga ni kijani. Halikatiki. Ukiligawa, mmoja anapata maji, wengine wanapata vumbi. Na mlijue na hili: siku mzee akifumba macho, nyumba na shamba la juu ni vya Benito, ndivyo ukoo ulivyo. Otilia hana chake. Bondeni alikuwa analima yeye, ila kulima si kumiliki.

Basi ikaja Septemba hiyo. Otilia akatoka nje kumwaga maji ya kuoshea vyombo, akasimama. Migomba yote uani ilikuwa imeinamisha majani kama watu waliofiwa, isipokuwa mmoja. Mmoja ulikuwa umenawiri, shina limenona, mkungu unaning'inia. Ulikuwa na afya kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Otilia akautazama, akatazama ukuta ulio nyuma yake. Dirisha la baba. Akagusa udongo, umelowa. Kwenye jani la chini kulikuwa na michirizi myeupe iliyokauka, akainusa. Dawa ya zahanati.

Kila jagi alilopeleka, kila kijiko. Alisimama pale akisubiri hasira ije. Akasubiri kidogo tena, kwa heshima tu, kama unavyosubiri mgeni aliyechelewa. Haikuja. Akaingia ndani akamalizia vyombo.

Lakini jicho lilikuwa limeshaona, na jicho peke yake haliwezi kuuliza. Binti anaweza kumfulia baba yake shuka, anaweza kumkata kucha za miguu, ila habari za chooni haziulizi. Mtoto wa kiume naye haziulizi, sembuse Benito, ambaye hata bei ya misumari anauliza kwa kidole. Otilia akajifunga kanga ya pili, akaenda kwa Mzee Kalinga.

"Shikamoo, Mzee Kalinga."

"Marahaba, mateka wangu. Umeniletea kodi?"

"Baba anamwaga maji dirishani. Na dawa anamwaga."

Mzee Kalinga akaweka chini jembe alilokuwa analitia mpini. "Tangu lini?"

"Mgomba umeshatoa mkungu."

"Basi ni mwaka mzima huo." Akakuna kidevu. "Na wewe hujamuuliza kwa nini."

"Nitaanzaje?"

"Kweli. Hiyo ni kazi ya mshenzi. Ngoja nivae shati."

Akaja, akaingia mpaka chumbani bila kupiga hodi. Otilia alikaa barazani, sauti zao zinamfikia, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Mateka wa babu yangu, bado hujafa?"

"Babu yako yupi?" sauti ya mzee ikajibu, nyembamba. "Yule aliyeogelea mto mzima akitukimbia?"

"Alikuwa anaoga. Mapunda, nijibu swali moja. Mara ya mwisho lini?" Na akalitaja tendo lenyewe kwa jina lake lenyewe, jina ambalo mimi hapa mbele ya wakwe za watu sitalitamka.

Halafu Mzee Mapunda akacheka. Otilia hakuwa amelisikia cheko hilo muda mrefu, akainua uso. Cheko likaendelea, likapasuka katikati, likawa kitu kingine.

"Magoti, Kalinga. Nikichuchumaa, sinyanyuki."

"Imekutokea?"

"Masika ya mwaka jana. Nimeshuka vizuri, kupanda nikashindwa. Nimeshika ukuta mpaka udongo umeniingia kwenye kucha. Nikakaa vile mpaka kengele ya saa sita ikalia kanisani. Binti alikuwa ananiita, chakula kiko tayari. Nikanyamaza."

"Si ungemwita?"

"Nimwite aje anione vile?"

"Kwa hiyo ukaacha kunywa."

"Nisipokunywa, siendi. Nikila kidogo, siendi kabisa."

"Mngoni," akasema Kalinga taratibu, "umefunga duka kwa kuogopa wateja."

Pale barazani Otilia aliikumbuka siku ile. Aliita mara tatu, ugali ukapoa, akaufunika kwa sahani akaenda shambani. Akalitoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa.

Kalinga hakurudi kwake. Alinyoosha moja kwa moja mpaka karakana ya Benito akamweleza yote, na Benito akasikiliza huku anapiga randa. Jioni akaja kwa baba yake, akasalimia, akakaa. Hakutoa kamba ya kupimia. Alimwangalia tu mzee anavyokaa kwenye kigoda na anavyonyanyuka, mkono upi unatangulia, goti lipi linagoma. Akaaga.

Siku ya nne akaleta kiti. Cha mninga, kina tundu katikati na mikono miwili ya kujisukumia, na chini kina kibao cha kuinulia miguu, maana mwili uliozoea kuchuchumaa miaka sabini hauwezi kudanganywa kirahisi. Kikalio alikipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Akakikaza juu ya shimo, kisha akachimbia nguzo na kufunga mti wa kushikilia kuanzia mlango wa nyumba mpaka mlango wa choo. Alipomaliza akatoa hotuba.

"Jaribu," akasema.

Mzee akaanza kunywa maji. Papai la asubuhi akalila, mlenda akaumaliza, dawa ikaingia kinywani, na mgomba ukaanza kunyauka. Siku ya sita akashika ule mti, akaenda. Kalinga akakaa nje kama mlinzi wa benki. Ikapita nusu saa. Kisha mlango ukafunguka, Mzee Mapunda akatokea amesimama wima, uso umelegea kama wa mtu aliyetua gunia, na Kalinga akawatangazia majirani matokeo kama ya uchaguzi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akaona aibu, na huku anatabasamu. Benito akaja kukagua kama kiti kimetikisika.

Otilia alisikia vigelegele akiwa jikoni. Akajua anapaswa kufurahi, hata akapanga uso. Halafu akachota jivu kwenye beseni, akaenda kumwaga shimoni kama kawaida.

Tumbo si kwamba limepona kama kidonda. Wiki nyingine linagoma, gesi inarudi, mzee anatembezwa uani. Lakini kile kifungo cha siku kumi kimekwisha, na mzee mwenyewe amekiri tatizo limeondoka. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata jumuiya wakakusanyika, na Mama Nchimbi akaja na daftari lake la kitongoji.

"Mzee, uliahidi mbele yetu," akasema. "Niandike nani?"

Mzee Mapunda akawatazama wote watatu, mmoja mmoja.

Kalinga akasimama. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema, yeye akainua mkono. "Leo utani nimeuacha nyumbani. Pale ninapolima ni pa kuazima, na mwenyewe anapataka kabla ya mvua. Miaka hii siwezi kuanza pori. Huyu Otilia aliona maji, sawa. Sababu hakuijua. Benito naye angetengeneza kiti cha nini, wakati tuliambiwa ugonjwa ni tumbo? Mimi ndiye niliyemfanya Mapunda aseme." Akakaa. Hakuna aliyecheka.

Benito akasukumwa na mkewe, akasimama. "Watoto saba. Kilima changu ni mawe." Akafikiri. "Siri ilisemwa, magoti yakabaki yaleyale." Akakaa.

"Na Otilia je?" akadakia mama mmoja wa nyuma. "Asingeona mgomba, hawa wawili wangejulia wapi? Na miaka sita nani amemlisha?"

"Amemlisha, na tumbo likafunga vilevile," mwingine akajibu. "Kuona si kutibu."

"Mlenda uliomfungua sasa umepikwa na nani? Na wewe?"

"Mlenda ni uleule wa siku zote, mama. Kilichobadilika ni kiti."

"Kilichobadilika ni kwamba anaumeza."

Wakabishana mpaka Mama Nchimbi akagonga daftari kwa kalamu. Mzee Mapunda akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani.

"Otilia. Wenzio wamejisemea. Wewe unalitaka?"

Otilia alijua vizuri linalomkabili. Baba akifa bila jina lake kwenye daftari, atabeba sanduku lake mara ya pili, na safari hii hakuna baba wa kurudi kwake. Alijua, kama unavyojua umbali wa kwenda mjini. Akaingia ndani yake kutafuta ile hamu ya kutaka kitu, akapapasa huku na kule kama anayetafuta sindano kwenye kapu la nguo. Watu wakangoja. Ulimi wa Kalinga ulikuwa umetulia. Benito alikuwa anautazama mguu wa benchi.

"Sijui, Baba," akasema. "Nikipewa nitalima. Nisipopewa, kesho asubuhi nitakupikia uji."

Mzee akainamisha kichwa.

Mniwie radhi, wenzangu, miguu ya hadithi imeishia hapo, na iliyobaki ni yenu. Kuna aliyeona, kuna aliyeuliza, kuna aliyetengeneza, na mzee asingesimama wima kwa wawili tu kati yao. Mmoja anaomba kwa maneno mengi, mmoja kwa machache, na mmoja hawezi hata kuomba. Mama Nchimbi ameshafungua kalamu, na kwenye daftari mstari ni mmoja.

Wewe hapo, ungemwambia aandike jina la nani?