Pimbi Aliyembebea Tai Kosa Lake

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma mmeitika kivivu, kama mmelazimishwa. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Zamani hizo, miambani waliishi pimbi. Desturi yao ilikuwa moja: wengine wakila, mmoja hukaa juu ya jiwe akilinda. Akimwona Tai hupiga kelele, na wote mbio pangoni.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Semeni, binti aliyeanza tu kukua, mdomo umemtangulia. Kaka yake Mkude akamwita.

"Semeni, zamu yako."

"Sitaki! Nenda wewe, kwani utakufa?"

Mkude akaenda. Akakaa jiweni, akaota jua, macho yakamlegea. Mara vuuu! Tai huyo! Mkude hakupata hata nafasi ya kulia.

Ikawa vilio, yakawa matanga. Semeni akajibanza ndani ya ufa wa mwamba. Siku ya kwanza, hali chakula. Siku ya pili, hali. Siku ya tatu mbavu zinahesabika. "Nimemuua kaka," anasema. "Nimemuua kaka." Mama yake akawa anawalilia wawili, aliyekwenda na anayekwenda.

Wafariji wakaja. Sungura akasema, "Usilie, mwanangu," akala. Kobe akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa," akala, akaongezewa. Pole zilikuwa tele, na chakula kiliisha. Semeni hakugusa hata jani. Na Tai, mwenye kazi yake? Tai huko juu kalala usingizi wa pono.

Ndipo akaja Ngedere, mtani wa pimbi. Nanyi mwajua, mtani hakasirikiwi msibani. Akajitupa juu ya mkeka wa marehemu, akatoa tumbo, akakoroma khooo, khooo, kama Mkude mwenyewe! Wafiwa wakacheka huku wanafuta machozi.

Semeni akachomoka ufani kwa hasira. "Mnacheka nini? Mimi ndiye niliyemuua!"

Ngedere akaruka, akapiga magoti. "Shikamoo, muuaji! Umemuuaje?"

"Nilimwambia aende jiweni."

"Akaenda kwa kuwa umemwambia?"

"Ndiyo."

"Kumbe alikuwa mtiifu! Ulipomwambia asikorome, aliacha?"

"Hakuacha."

"Ulipomwambia asile tini zako?"

"Alizila zote."

"Miaka yote hakukusikia, siku hiyo moja ndiyo akakutii?"

Semeni akaligeukia lile jiwe la zamu.

"Alilipenda lile jua," akasema polepole. "Hata zamu zangu nyingine alizikaa yeye, bila kuambiwa."

Akacheka. Kisha akalia, na safari hii alimlilia kaka yake.

Ngedere naye akaacha mzaha. "Neno lako lilikuwa baya, dada. Mwombe radhi. Lakini aliyeua ni Tai. Usimbebee kosa lake, hata asante hatakupa."

Mama akaleta bakuli alilomfichia. Semeni akala. Ngedere akapenyeza mkono adokoe, Semeni akamchapa, pwa!

"Toa mkono! Kwani wewe ndiye uliyefiwa?"

Basi, wakubwa kwa wadogo: neno baya huombewa radhi, lakini halina makucha. Aliyefiwa na amlilie maiti wake, asijitwike kosa la mwingine. Ngano yangu imekomea hapo. Anayependa kubeba mizigo, avibebe hivi vyombo hadi jikoni.