Sanduku la Kioo la Felistus

Koleo la mhunzi likivunjika, wapo wanaokimbilia kumpa pole, na wapo wanaokimbilia kuuliza vyuma vyake atauza lini. Methali huwajibu wote kwamba kazi haikai ndani ya kifaa, inakaa ndani ya mtu. Asiyeamini na amsikilize Felistus wa Nchelenge, mwaka wa 1956.

Felistus alikuwa mjane, mkausha samaki hodari kando ya Ziwa Mweru. Baba yake, Ngosa, alivua tangu ujana wake hadi kiharusi kilipomlaza mkekani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hajaliona ziwa, ingawa alilisikia kila upepo ulipovuma. Alikataa katakata kubebwa. Alisema wanaobebwa mchana kweupe ni maharusi na maiti, naye hakuwa miongoni mwao.

Basi mzungu mmoja mchunguza samaki, aliyekuwa akifuliwa nguo na Felistus, alirudi kwao akamwachia sanduku lake la kioo la kufugia samaki. Felistus akaapa kwamba kama baba haendi ziwani, ziwa litakuja kwa baba.

Alilisugua sanduku kwa majivu na mchanga kama sufuria, akasugua hata mawe ya kutia ndani, akajaza maji ya kisima, akaweka perege wadogo sita. Kila asubuhi alimwaga maji yote na kuanza upya. Siku ya tatu samaki wote walikuwa chali. Akaleta wengine. Hao nao walipoanza kuhema juujuu, alifanya ambacho mkausha samaki yeyote wa ufuo ule angefanya: chumvi huzuia samaki asioze, kwa hiyo akawatilia konzi mbili. Hawakufika jioni. Loo, aliwakausha wangali wanaogelea! Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Goodson, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa akijenga duka, na dirisha lake halikuwa na kioo. Alikuja na kamba ya kupimia.

"Shemeji, mutu anafuga chakula yake?" alisema. "Kioo hiki kitafaa dukani kwangu."

Akalishika sanduku. Felistus akang'ang'ania upande wa pili. Hakuna aliyeachia, na kioo kikubwa cha mbele kikapasuka vipande vipande. Goodson akajikung'uta mikono, akasema mchezo umekwisha, akaenda zake.

Felistus alilia, asikudanganye mtu. Alilia kwa hasira huku akifagia vigae. Ngosa akamtazama kutoka mkekani.

"Mwanangu," alisema, "ziwa nani hulisugua?"

Swali lile lilimwingia. Akachukua ubao wa mtumbwi mkuukuu, akaupachika palipovunjika, akaziba kwa pamba na lami kama wafanyavyo mafundi wa mitumbwi. Kioo cha ubavuni kilikuwa kizima, akakigeuza kimwelekee baba. Safari hii alileta perege wengine, maji ya ziwa, tope lake, majani yake na mawe yenye utelezi, na hakusugua kitu. Kila siku alichota kibuyu kimoja tu cha maji, akarudisha kingine akikimimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Watu wakasema amefuga uchafu. Akawaambia uchafu huo uliwalisha samaki kabla babu zao hawajazaliwa, na asiyetaka kuuona asiingie kwake.

Samaki waliishi, wakakua. Kisha perege jike mmoja akaacha kula, mashavu yakamvimba. Felistus akadhani naye anakufa, na Goodson akaja kushuhudia kifo cha tatu.

Hapo samaki yule akafungua kinywa. Vitoto vikamwagika nje kama unga uliopulizwa. Goodson alipoinama, kivuli chake kikaviogofya, na vyote vikarudi mbio kinywani mwa mama yao. Ngosa aliwahi kukuta vitoto vinywani mwa perege aliowavua, lakini hakuwahi kuona mama akivificha. Machozi yakamtoka.

"Nibebeni," alisema. "Mchana huu huu. Nina neno na wavuvi wenzangu juu ya mama huyu."

Felistus akashika ncha moja ya mkeka, akamgeukia Goodson.

"Shika upande ule, shemeji, na leo usivute."

Goodson akashika. Wakatoka na mzee hadharani, kijiji kizima kikitazama, nyuma yao likabaki sanduku lile lenye ubao na lami, samaki wakicheza ndani yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.