Kwa Nini Kila Mlima Una Gharika Yake

Kabla milima haijajifunza kujisifu, dunia nzima ilikuwa na hadithi moja tu ya mvua: imenyesha, imekatika, tukalime. Kisha ikaja ile isiyokatika.

Shebuge, mrina asali wa mlima tunaouita leo Kwemzinga, aliliona bonde lake likigeuka bahari. Akaukimbilia mzinga wake mkubwa, gogo la mvule alilolichonga miaka mitatu kwa tezo na majivuno. Akaziba nyufa kwa nta, akajitosa ndani na mkewe Mboni na wanawe saba, Kisaka akiwa wa kwanza. Katika haraka ile akasahau jambo ambalo mrina hasahau hata akiota: hakuwafukiza nyuki kwanza.

"Baba Kisaka," Mboni alimwambia siku ya pili, jicho moja limefumba kwa uvimbe, "maji yangetuua mara moja tu."

Wakaelea siku arobaini, wao na nyuki, hadi mzinga ukagonga kilele. Shebuge akatoka uso umeumuka kama andazi, na kifua nacho kimeumuka. Yeye na nyumba yake, binadamu pekee waliosalia!

Fahari hiyo haikumaliza miezi mitatu. Maji yalipopungua na maua ya kwanza kuchanua vileleni, wakaanza kufika wengine. Mmoja alikuja na habari za safina ya ghorofa tatu, iliyopakwa lami, na njiwa aliyemletea jani la nchi kavu. Wa pili, kutoka mashariki ya mbali, mashua yake ilivutwa na samaki mwenye pembe hadi kwenye milima ya theluji. Wa tatu alielea sandukuni na mkewe, kisha wakatupa mawe nyuma ya migongo yao, mawe yakainuka watu. Kila mmoja aliapa kwamba mlima wake ndio uliobaki, mingine yote ilizama.

Likaitishwa baraza. Ichaguliwe gharika moja ya kusimuliwa watoto, wakakubaliana, nyingine zizikwe. Shebuge akasimama, akaeleza ya mzinga. Mwenye sanduku alicheka hadi akashika mbavu.

"Mzee mwenzangu, ndani ya chombo cha asali? Na wanyama ulibeba wangapi?"

"Elfu arobaini," Shebuge akajibu. "Na wote walitaka kuniua."

Baraza likaangua kicheko tena. Shebuge hakucheka. Aliwatazama wanawe. Wajukuu wa hawa wataambiwa waliokolewa na babu wa watu wengine, na ule usiku wa katikati ya maji, Mboni alipoziba ufa kwa mgongo wake, utakuwa haukuwahi kuwapo.

"Wageni wana njaa," Mboni akasema. "Wapakulie. Mengine baadaye."

Mashamba yalikuwa tope bado. Chakula kilikuwa mzingani tu. Shebuge akafukiza, safari hii hakusahau, akakata masega, akagawa.

Mwenye safina akalamba, akalinusa sega. "Hili ni ua la mlimani kwangu."

"Hapana, ndugu, hili huota kwenye theluji yetu tu," akasema wa mashariki.

Mke wa mwenye sanduku alilamba tena, machozi yakamtoka: alikuwa amekutana na harufu ya kwao.

Ndipo wakaelewa. Nyuki, kwa kukosa maua bondeni, walikuwa wameruka juu ya maji hadi kila kilele kilichosalia. Hakuna mlima uliokuwa umezuliwa, wala mzee aliyekuwa mwongo.

"Basi kila mtu aende na gharika yake," mwenye safina akaamua, akilamba vidole.

"Na ya mzinga?" Shebuge akauliza.

"Ya mzinga sote ni mashahidi. Tumeila."

Na tangu siku hiyo kila taifa lina gharika yake, chombo chake na mlima wake, na zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Na warina wa Kwemzinga hawamalizi mzinga. Huacha sega moja, fungu la wageni wa gharika. Wengine walikuwa na safina kubwa kuliko yetu, hatukatai. Lakini waulizeni, siku waliposhuka, walikula kwa nani?